Kabati Alilolifunga Mama Mkwe

Mwanangu Roselle aliuma chapati ya maji mara tatu, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Maji yalipofika, aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti hakuwa mtoto niliyemjua.

Sitanii, ndugu zangu. Naandika haya mchana kweupe na bado nimeacha mlango wazi.

Midomo ilikuwa imevimba ikapinduka nje. Macho yamefumba, yamebaki mistari miwili. Shingoni kulikuwa na mabaka mekundu, na yalikuwa yanatambaa huku nayaangalia, hili linaungana na lile mpaka shingo yote ikawa nyekundu.

Na sauti! Mtoto wa miaka minane akaniita "Mama" kwa sauti ya mzee aliyevuta tumbaku tangu ujana wake.

"Huyo siye Roselle," mama mmoja jirani akasema. Akaweka sahani chini taratibu, akatoka, akawavuta na wanawe.

Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa kwake. Maputo yako ukutani, tambi ziko mezani za kumwombea maisha marefu, na mwenye maisha yenyewe pumzi inamkatikia mikononi mwangu.

Sasa kabla sijaendelea, mnijue.

Naitwa Merlinda. Nimezaliwa mkoa wa Capiz, nimeolewa mji mdogo nje ya jiji la Iloilo na Wilmer, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha abiria pembeni. Ukitoka Capiz, popote utakapokwenda utakutana na utani uleule: "Dada, mabawa yako umeyaacha nyumbani?" Watu wanaamini kwetu ndiko wanakotoka aswang, wale wachawi ambao mchana ni watu kama wewe na mimi, jua likizama wanaota mabawa na kula watoto.

Nimeucheka utani huo tangu shule ya msingi. Mwaka ule uliacha kunichekesha.

Siku ya sherehe Wilmer alitupakia akaendesha kama mtu aliyeiba hiyo pikipiki. Zahanati wakamchoma Roselle sindano pajani, wakamwekea hewa puani. Nilimshika mguu nikawa nauminya, maana mguu ndio peke yake ulikuwa bado unafanana na wa mwanangu.

Akarudi. Polepole, uso ukashuka, macho yakafunguka.

"Alikula nini?" wakauliza.

Nikataja: tambi, kuku, kamba, chapati za maji za bibi yake.

"Basi ni kamba. Wengi wana aleji na kamba. Asile tena."

Tukashukuru tukaondoka. Kamba wakapigwa marufuku nyumbani. Hata Wilmer, ambaye kamba kwake ni kama mke wa pili, aliapa kutoleta hata harufu yao.

Na mama mkwe wangu, Mama Consing, alinikumbatia mlangoni akasema, "Pole, Inday. Mungu amekurudishia mwanao."

Kwetu mkubwa akikupenda anakuita Inday. Mkumbuke hilo neno.

*

Mama Consing alikuwa na kabati.

Lilikuwa kabati la nguo la marehemu wifi yangu, Jovelyn, dada yake Wilmer. Jovelyn alifanya kazi za ndani Kuwait miaka mingi, na kila mwaka alituma sanduku kubwa: sabuni, nyama za makopo, losheni, chokoleti. Kila mwaka Mama Consing aliyapanga yale mambo kabatini akafunga kwa ufunguo. Ya wageni. Ya sikukuu. Sisi wa nyumbani tulioga kwa sabuni ya kipande.

Jovelyn alikuwa akipiga simu anagomba. "Mama! Vitu hivyo ni vya kula, si vya kuabudu! Fungua mle!"

"Tutakula, mwanangu, tutakula. Acha kwanza."

Kisha Jovelyn akaugua hukohuko, akafariki.

Jeneza lilikuja kwa ndege. Sanduku lake la mwisho, alilolituma angali mzima, lilikuja kwa meli. Lilifika tumeshamaliza sala za msiba, na mwandiko wake uko juu, mkubwa, wa kalamu nyeusi.

Ndani mlikuwa na mfuko mkubwa wa unga wa chapati za maji, ule unaokuja umechanganywa kabisa sukari na maziwa. Mama Consing aliuweka kabatini katikati ya magauni ya Jovelyn. Sikukuu ikifika anachota kikombe kimoja, anaukunja mfuko, anaufunga kwa mpira, anaurudisha kwenye magauni. Ufunguo anao shingoni, pamoja na medali ya Bikira Maria.

Chapati za unga ule hatukupewa sisi. Alipewa Roselle. Roselle amefanana na shangazi yake mpaka inatisha, na bibi akimwangalia anakula, uso wake unalainika.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wao bora.

*

Ya pili ilitukuta Siku ya Watakatifu Wote.

Tulikwenda makaburini na mishumaa na maua, tukakaa na Jovelyn, tukarudi jioni Roselle akikimbizana na mbwa njia nzima. Mama Consing akawahi jikoni. Akachovya ndizi kwenye uji wa unga, akakaanga, akanyunyiza sukari.

Kamba hawakuwepo hata wa dawa.

Nilikuwa naanua nguo. Nikamwona Roselle anakuja mlangoni anajikuna tumbo. Akainua shati anionyeshe, na tumbo lote lilikuwa limeota mabonge mekundu. Akafungua mdomo aseme.

Kilichotoka ni filimbi. Kifua kikawa kinapiga filimbi kila anapovuta hewa, kisha akaanguka palepale kizingitini, kichwa ndani, miguu nje.

Jamani. Mimi nimezaa kwa upasuaji, nimepitia vimbunga vilivyoondoka na paa. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Safari hii tulilazwa. Daktari akaniita pembeni. "Mama, hii inakuja kwa nguvu zaidi kila mara. Ya tatu siwezi kukuahidi kitu. Lazima mjue anakula nini kinachomdhuru."

"Kamba hakula, daktari!"

"Basi tafuteni."

Nikarudi nyumbani nitafute, nikakuta wenzangu wameshapata.

Mama Consing alikuwa amemwita mganga, mzee Ambo. Beseni la maji liko katikati ya sebule, mshumaa unawaka, na mzee anadondosha nta majini tone baada ya tone. Nta ikaganda. Akaigeuza mkononi, akaiangalia sana.

"Ni mwanamke," akasema. "Ana nywele ndefu. Hakuzaliwa hapa."

Nywele zangu zinafika kiunoni. Za nusu ya wanawake wa mtaa ule zinafika kiunoni. Lakini macho yote mle ndani yalinigeukia mimi.

"Yuko ndani ya nyumba," mzee akamalizia, akapokea kuku wake, akaondoka.

Tangu dakika hiyo Mama Consing hakuniita Inday tena. Nikawa "wewe".

"Wewe, usipike chakula cha mtoto."

"Wewe, mtoto atalala kwangu."

Akatundika vitunguu saumu dirishani. Akamwaga chumvi mlangoni. Halafu akatoa mkia wa samaki taa uliokaushwa, mrefu, una miiba, ule ambao wazee husema ukimchapa nao aswang kidonda hakiponi. Akautundika juu ya kitanda alicholala mwanangu.

Nikamfuata Wilmer uani. "Umeona mama yako anachofanya?"

"Mwache kwanza apoe."

"Apoe yeye ni uji?"

"Merlinda, usimjibu. Amezika mtoto mmoja. Anaogopa kuzika wa pili."

"Na mimi ninao wangapi?"

Wilmer akibanwa kati ya mke na mama, hukumbuka ghafla kwamba pikipiki ina tatizo.

Nikavumilia. Nilijiambia, mchawi mpe mwana alee. Kama huyu bibi anadhani mimi ndiye hatari, basi amlishe yeye kwa mkono wake, Roselle asidhurike, na mimi nikae mbali nimeze machungu yangu. Bora mwanangu aishi akiwa amenyang'anywa kuliko afe akiwa wangu.

*

Lakini mama hana likizo. Nikaanza kuangalia.

Roselle akirudi shule nilikuwa nampekua kwa maswali. Siku moja akaniambia, mdomo umejaa furaha, "Mama, leo kwa mama wa kantini nimekula chapati za maji mbili!"

Nilikaa chini bila kuchagua mahali. Nikamwangalia midomo, shingo, tumbo. Nikamwangalia mpaka akachoka kuangaliwa.

Hakuna kitu. Mtoto mzima, anaruka kamba.

Kesho yake akala tena. Hakuna kitu.

Kwa hiyo si chapati. Si kamba. Si ndizi, maana ndizi za sokoni alikula mbele yangu. Nikajumlisha, nikatoa, jibu likawa moja tu.

Kila alipodhurika, alikuwa amelishwa na mkono mmoja. Wa Mama Consing.

Tangu hapo nikamwogopa yule mwanamke kuliko alivyoniogopa yeye. Tunakula meza moja, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho, kila mmoja akiamini anakula na mchawi.

Siku moja mchana nilipita mbele ya chumba chake, mlango umebaki upenyo. Nikachungulia.

Kabati liko wazi. Amepiga magoti mbele yake, ameupakata ule mfuko wa unga. Akaufungua, akaingiza uso ndani, akavuta harufu. Akanong'ona maneno sikuyasikia, akafanya ishara ya msalaba, akaufunga kwa mpira, akaurudisha kwenye magauni ya marehemu.

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Anaunuizia unga!

Nikamweleza Wilmer. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgonjwa.

"Mke wangu, unajua unavyosikika?"

"Ninavyosikika nimekuachia wewe. Mimi nataka mwanangu."

"Mama yangu anampenda yule mtoto kuliko anavyonipenda mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichanganya.

*

Ya tatu ilikuja asubuhi ya Jumapili, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Jovelyn.

Mama Consing alikuwa ameshavaa gauni la kanisani. Mimi niko uani nimejifunga kanga kiunoni nafua. Wilmer yuko chini ya pikipiki, kama kawaida yake.

Nikasikia sahani inavunjika.

Sahani huvunjika kila siku kwenye nyumba yenye mtoto. Lakini baada ya hapo palikuwa kimya, na ule ukimya ndio ulioninyanyua. Niliacha beseni nikakimbia na povu hadi viwiko.

Roselle alikuwa sakafuni jikoni. Hapigi filimbi safari hii. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Midomo si myekundu, ilikuwa ya bluu.

Na kati yangu na yeye amesimama Mama Consing, mkia wa taa mkononi.

"Usimguse!"

"Mama, niachie mwanangu!"

"Umemfanya nini? Leo ni siku ya Jovelyn, nimemlisha mwenyewe, kwa unga wa Jovelyn, na bado umemfikia! Umepitia wapi, wewe?"

Akainua mkia. Nikaona miiba. Nikaona na machozi yake, yanamtiririka mpaka kidevuni.

Sikurudi nyuma. Uso ukichanika utashonwa. Nikapiga hatua.

"Mama, weka chini!"

Alikuwa Wilmer, mlangoni, grisi usoni. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya mama yake tangu nimjue.

"Mwanangu, huyu mwanamke..."

"Nimesema weka chini! Anakufa huku tunabishana!"

Akampita mama yake kama anapita pazia, akamnyakua Roselle, akatoka. Mimi nikamfuata. Lakini mezani, pembeni ya jiko, nikauona ule mfuko wa unga umeachwa wazi. Sijui nani alinituma. Niliukumbatia nikakimbia nao.

Njiani nilimpulizia mwanangu hewa mdomoni. Nilikuwa sijui kama ndivyo inavyofanywa. Kila tulipoingia shimo meno yetu yaligongana. Nilikuwa namwambia Mungu, chukua nywele zangu, chukua macho, chukua mji wote wa Iloilo ukitaka, huyu niachie.

Hospitali wakampokea mlangoni. Sindano ya paja. Ya pili. Mrija kooni. Pazia likavutwa, mimi nikabaki nje na mfuko wa unga kifuani, povu la sabuni limekaukia mikononi.

Ile ngojangoja siisimulii. Aliyewahi kungoja nje ya pazia anaijua.

Daktari alipotoka alikuwa dada mdogo tu, Daktari Villaruz, miwani imemteleza puani, jasho limemlowesha.

"Anapumua," akasema.

Niliketi sakafuni nikalia kwa sauti bila aibu yoyote.

*

"Nani alimlisha?" akauliza tulipotulia, Wilmer amebaki na mtoto.

Mama Consing alikuwa ndiyo kwanza anaingia, pekupeku, gauni la kanisani limelowa tope. Nikamnyooshea kidole mbele ya watu.

"Huyu. Kila mara ni huyu. Na sumu yenyewe nimekuja nayo, hii hapa!"

"Sumu?" Mama Consing akaweka mikono kichwani. "Mimi nimpe sumu damu yangu? Daktari, huo ni unga wa nje! Wa Kuwait! Mwanangu aliutuma, huku huupati!"

Daktari akaupokea mfuko. Akaunusa. Akachungulia ndani. Mimi nilishauchungulia: mweupe, laini, hauna hata funza mmoja.

"Ulifunguliwa lini, Bibi?"

"Krismasi."

"Krismasi ipi?"

Mama Consing akainama. "Ile ya kwanza bila Jovelyn. Miaka kadhaa sasa."

"Na huwa unaukalisha wapi?"

"Kabatini. Na nguo zake. Salama kabisa, ufunguo ninao mimi."

Daktari akatuingiza chumbani kwake, akazima feni ya mezani. Akachukua mkoba wake mweusi wa ngozi, akaulaza, akamwaga juu yake kijiko cha unga, akausawazisha kwa kadi mpaka ukawa tambarare.

"Tuangalie," akasema. "Msipumulie."

Tukainama wote watatu. Unga uko pale, mweupe juu ya nyeusi.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha ukingoni, mstari ule ulionyooka ukaanza kupinda. Katikati pakainuka vilima vidogo. Punje zikawa zinasogea, hii huku, hii kule, taratibu, bila upepo, bila mtu kuugusa mkoba.

Unga unatembea.

"Yesu na Maria!" nikapiga ukelele, na Mama Consing akapiga wake, na tulipokuja kujitambua tulikuwa tumekumbatiana, kucha zangu mgongoni mwake, zake begani mwangu. Wachawi wawili, kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake.

Daktari akatupeleka kwenye hadubini. Nikatangulia mimi. Nikaona mdudu mnono, mwili kama glasi, ana manyoya, miguu minane inapapasa. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengi wasiohesabika, wanapandana.

"Utitiri," akasema daktari. "Kwa macho huwaoni. Wanapenda unga uliofunguliwa ukakaa muda, penye joto na unyevunyevu. Ndugu zao wanakaa kwenye vumbi la magodoro na nguo za zamani. Niambie, mtoto huyu hupiga chafya asubuhi?"

Roselle alikuwa jogoo wa nyumba. Nikitandika kitanda tu, chafya kumi mfululizo, baba yake anaamkia hizo.

"Basi mwili wake una ugomvi nao siku nyingi. Akiwavuta puani, anapiga chafya. Akiwala kwa maelfu kwenye chapati moja, ndiyo haya."

"Lakini mimi huwa nauonja," Mama Consing akasema kwa sauti ndogo. "Mbona sidhuriki?"

"Mwili wako hauna ugomvi nao, Bibi. Wengi wetu tukila hatupati kitu."

"Na moto? Nimekaanga mpaka zimeiva!"

"Moto unaua wadudu. Kile kinachomdhuru mtoto hakiungui."

Ndipo yeye naye akainama kwenye hadubini. Alikaa pale muda mrefu, mgongo umepinda, medali na ufunguo vinaning'inia vinagonga meza.

Alipoinuka hakuniangalia. Aliiangalia mikono yake.

"Nilimnyang'anya mama yake ili nimlinde," akasema. "Halafu nikamlisha mimi. Kwa mkono huu. Kila nilipompenda zaidi, nilimchotea zaidi."

Nilikuwa na maneno, ndugu zangu. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya mganga, makali, yamenolewa vizuri. Nikayatafuta sikuyaona.

"Na mimi nilijua ni wewe mchawi," nikamwambia.

Akanitazama. "Mimi?"

"Nilikuona unanuizia unga."

"Nilikuwa nanusa," akasema. "Unanukia sanduku lake. Kila mwaka harufu inapungua. Nilikuwa namwomba Jovelyn asiishe."

Tukalia tena. Daktari akatoka akatuachia chumba.

*

Roselle alirudi nyumbani amekonda na ana maringo, anadai huduma kama malkia. Siku hiyohiyo Mama Consing alivua ule ufunguo shingoni, akanivisha mimi.

"Fungua, Inday," akasema. "Mimi siwezi."

Ndiyo, aliniita hivyo.

Unga aliutia motoni mwenyewe, mfuko na kila kitu. Magauni tukayafua kwa maji ya moto, tukayaanika juani. Magodoro nayo nje. Makopo yaliyovimba tukayafukia. Siku hizi unga kwetu unanunuliwa kidogo, ukifunguliwa unafungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, unakaa friji, ukizidi muda unakwenda. Chakula cha Roselle hatupiki na kitu tusichojua kimefunguliwa lini.

Chini kabisa tukakuta sabuni. Ndefu, nzuri, karatasi zake hazijachanwa, za miaka yote. Mama Consing akachukua moja, akaishika kama yai.

Kisha akaichana karatasi.

Tulioga wote siku hiyo, zamu kwa zamu, mpaka Wilmer na grisi yake. Roselle akatoka amejifunga taulo, anajinusa mkono.

"Bibi, kwa hiyo shangazi alikuwa ananukia hivi?"

"Hivihivi," Mama Consing akasema. "Aliniambia nivitumie. Sikumsikia."

Tangu afariki hatukuwahi kumpata Jovelyn nyumbani kama tulivyompata jioni hiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa nguoni kweli, kati ya gauni na gauni, na sisi tunatafuta mabawa migongoni mwa watu. Nawaambia nyie mnaofungia vitu vizuri vya kungojea mgeni: fungueni. Aliyekutumia alitaka ule wewe. Na mtoto wako akivimba baada ya kula, usiiulize nta. Mwulize daktari, na umpelekee chakula chenyewe.

Mkia wa taa bado upo. Mama Consing anafukuzia kuku wanaochezea nguo tulizoanika.

Na juzi alikuja mgeni, akasikia natoka Capiz, akaanza utani wao uleule, eti mabawa nimeyaacha wapi. Sijajibu, mama mkwe akanitangulia.

"Anayo," akamwambia. "Ndiyo yaliyomwahisha mjukuu wangu hospitali akapona."